Kwaya ya Saa Nne

Wodi yetu ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili, dirisha moja lililogoma kufunguka, na kwaya. Kwaya ilianza kila siku saa nne asubuhi, dawa zilipoletwa, na kama hukuimba hukupata chai. Sijawahi kusikia hospitali nyingine ya wagonjwa wa akili yenye utaratibu huo, na kusema kweli sijawahi kuuliza.

Aliyeuanzisha alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke mpana mwenye hatua ndogo, tuliyemwita Sista Sauti. Kabla yake wauguzi walitukagua vinywa kwa tochi na kijiti. Nyanyua ulimi, panua shavu, geukia huku. Mpaka siku moja mgonjwa mmoja, aliyewahi kuwa kondakta wa basi, akamng'ata muuguzi kidole na akakataa katakata kuomba radhi. Sista Sauti, ambaye alikuwa ameongoza kwaya miaka ishirini, akasema tochi zirudishwe kabatini. Mtu mwenye kidonge chini ya ulimi au shavuni, alisema, hawezi kuishika sauti ikanyooka. Tangu siku hiyo, ukishameza dawa unafungua kinywa na kuimba "laaa" mpaka Sista ahesabu tano.

Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Lakini watu kumi na wawili wakiimba kila siku saa ileile, sauti huanza kutafutana zenyewe. Sista akampangia kila mmoja sauti yake. Kondakta akapewa ya chini, maana nyingine zote alizipigia kelele kama anaita abiria. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni kwangu, mwalimu mstaafu wa jiografia tuliyemwita Profesa kwa sababu hakuna swali alilokiri kutolijua, akapewa ya kwanza. Mimi nikapewa sauti ya pili. Ikafika mahali madaktari wakipita koridoni wanasimama kusikiliza, huku wakijifanya wanasoma faili.

Mimi wananiita Mama Keki. Nilioka keki za harusi kwa miaka ishirini na sita, zile nzito za matunda, ambazo matunda yake hulowekwa kwenye brandi. Nilianza kwa kuonja, kama fundi yeyote anayejali kazi yake. Baada ya muda matunda yalikuwa yanapata kijiko na mimi napata chupa, na wateja wakaanza kulalamika kwamba keki zangu siku hizi ni kavu. Mume wangu alipofariki niliacha kuonja, nikaanza kunywa. Meno yangu ya juu niliyaacha kwenye ngazi za ukumbi mmoja wa harusi, mimi na keki ya ghorofa tatu tulipoteremka pamoja bila kukanyaga ngazi hata moja. Nikatengenezewa ya bandia, mazuri kuliko ya asili, na nikaendelea kukata maji kama kawaida.

Mwishoni nilikuwa nabishana na oveni, na oveni ilikuwa inanijibu. Daktari alisema nina magonjwa mawili, la akili na la ulevi, na kwamba kwa muda mrefu yamekuwa yakitembeleana. Nikapewa kitanda kimoja kwa yote mawili.

Lakini kilichonileta hospitali si oveni. Ni mjukuu wangu.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alijifungua, na mwezi wa pili aliniachia mtoto saa moja tu ili akachukue dawa. Nililewa chakari ndani ya saa hiyo hiyo moja. Aliporudi, nyumba ilikuwa imejaa moshi wa mkate ulioungua, mimi nakoroma kitini, na mtoto analia chumbani mpaka sauti imemkauka. Hakuumia. Binti yangu hakunigombeza. Alifungua madirisha yote, akambeba mtoto wake, na tangu siku hiyo hakuniacha naye peke yangu hata kwa muda wa kwenda chooni.

Sasa mtoto alikuwa na miezi mitano na likizo ya binti yangu ilikuwa inakwisha. Anafanya kazi kiwanda cha nguo, ni mkaguzi wa vitambaa. Kitambaa kinapita mbele yake siku nzima na yeye anatafuta uzi uliokatika. Jumatatu ilikuwa lazima arudi. Aliniambia kwenye simu ya wodi, kwa sauti ile anayotumia kusoma orodha ya makosa ya kitambaa:

"Daktari anakuona Ijumaa. Akisema umetulia, Jumamosi nakuja kukuchukua, mtoto utamlea wewe. Akisema bado, Jumapili mama mkwe wangu anamchukua kwake. Siku mbili njiani, mama. Nitakuwa namwona mwisho wa mwezi tu."

"Nitatulia, mwanangu."

"Mikono inatetemeka bado?"

"Kidogo," nikasema. Mkonga wa simu ulikuwa unagongagonga hereni yangu.

Hapo sasa ndipo penye aibu yangu, na nitaieleza kama ilivyo. Mikono ilitetemeka kwa sababu dawa ya kuituliza nilikuwa siimezi. Niliiweka akiba.

Profesa ndiye aliyenifungua macho. Wiki yangu ya pili alinieleza, kwa utulivu ule ule aliofundishia mito na milima, kwamba vile vidonge vyeupe kimoja kimoja ni dawa, lakini vikikusanywa vikaliwa kwa mkupuo vinafanya kazi ya chupa. Siku iliyofuata niligundua kwamba meno yangu ya bandia yana uvungu juu, kati ya bamba lake la waridi na kaakaa. Nikalilegeza bamba kwa ulimi, nikakipandisha kidonge, nikakandamiza. Nikaimba "laaa." Ulimi uko huru, mashavu yako huru, sauti imenyooka kama rula.

"Mmesikia?" Sista Sauti akawaambia wenzangu. "Hivyo ndivyo mtu aliyemeza anavyoimba. Mfuateni Mama Keki."

Mwanamke yule nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kila asubuhi, na kila asubuhi alinishukuru. Baada ya kwaya nilikwenda bafuni, nikayatoa meno, nikakifuta kidonge na kukitumbukiza ndani ya kopo la unga wa kusafishia meno. Nani atapekua kopo la meno ya mtu? Viwili nilimpa Profesa kama shukrani ya elimu. Na daktari, maskini, kila akipita alitazama mikono yangu na kukuna kichwa. Mwisho akaniandikia kidonge kikubwa zaidi, kinene, cheupe, ukubwa wa kifungo cha koti.

Mtu ataniuliza, nilikuwa nakwenda kulea mjukuu, vidonge vya nini? Nami nimejiuliza. Niliogopa jiko langu. Nililala kitandani nikaliona lile kabati la chini, pale chupa zinapokaa nyuma ya unga, na nikajua nitasimama mbele yake peke yangu, mchana kweupe, mtoto amelala, na hakuna Sista. Nikataka niwe na kitu changu kidogo mfukoni, nikibanwa nikimbilie huko. Haikunijia akilini kwamba ningekuwa nakimbia tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ileile. Aliyezoea kunywa huwa na akili nyingi sana, ila zote zinaelekea upande mmoja.

Jumatano, siku mbili kabla ya kuonana na daktari, tulipanga foleni kama kawaida. Nikapokea kidonge, nikanywa funda la maji, nikakipandisha. Kilikuwa kikubwa kwa ule uvungu, na meno hayakukaa vizuri. Nikaimba.

Sista akainamisha kichwa. "Leo umepanda kidogo, Mama Keki."

"Furaha tu, Sista."

"Furaha ni nzuri, lakini shuka kidogo."

Nikashuka. Kabla hajafika tano, mlinzi wa getini akachungulia mlangoni na kusema Mama Keki ana wageni, binti yake na mtoto mdogo. Si siku yake ya kuja. Nilifurahi, na hapo hapo nikakumbuka kilichokuwa juu ya meno.

"Subiri Sista, niende bafuni mara moja."

"Bafuni kufanya nini? Mjukuu kaja!" Akanishika kiwiko, akanisukuma koridoni huku anacheka kuliko mimi. "Nenda, nenda, watoto hawasubiri."

Chumba cha wageni kilikuwa na meza nne za plastiki, viti vilivyofungwa kwa mnyororo tangu mtu fulani alipoondoka na kimoja, na saa ya ukutani iliyosimama saa tisa. Kondakta, aliyemaliza kuimba kabla yangu, naye alikuwa na mgeni, mume wake, na walikuwa wanagombana kwa mapenzi juu ya mtungi wa gesi. Binti yangu alikuwa ameketi meza ya dirishani, mkoba begani, mtoto pajani. Alikuwa mnene! Shavu limejaa, shingo haionekani. Nilipomwacha alikuwa kitu cha kushikwa kwa viganja viwili.

"Shikamoo mama. Nimepata lifti, nikasema nije nikuone kabla ya hiyo Ijumaa."

"Marahaba mwanangu." Hiyo "marahaba" niliitoa kwa tahadhari, kwa sababu kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka pembeni, na kilikuwa kichungu kama kulamba ufunguo.

Ningeweza kukimeza. Msukumo mmoja tu wa ulimi, gwi, kingeshuka, na hadithi hii isingekuwepo. Nasema ukweli, sikutaka. Nilikuwa na vidonge kumi na kimoja kwenye kopo na hiki kilikuwa cha kumi na mbili. Mwokaji anapenda kitu kikitimia dazeni.

"Mbona unakunja uso?"

"Jua," nikasema. Dirisha lilielekea ukutani.

Binti yangu aliitazama mikono yangu juu ya meza. Aliitazama anavyotazama kitambaa, kutoka ukingo mpaka ukingo. Niliiteremsha mapajani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akamnyanyua mtoto akavuka naye upande wangu wa meza.

"Mshike. Ukiwa umekaa. Mimi nipo hapa hapa."

Nikamshika. Sina maneno ya uzito ule. Alinuka maziwa na sabuni, akaniegemezea kichwa kifuani, halafu akakiinua na kunikagua, mkaguzi mtoto wa mkaguzi. Alipitia nywele zangu, hereni, pua. Alipofika kwenye kinywa, aliona meno yanacheza kidogo ninapocheka. Watoto wanapenda kitu kinachocheza. Mkono ukaja, vidole vinne vikaingia, vikashika. Akavuta.

Meno yalitoka mazima kwa mlio wa kizibo.

Mtoto aliyatazama mkononi mwake, akanitazama mimi, akayatazama tena, akapiga ukelele wa furaha ambao nadhani ulisikika mpaka chumba cha maiti. Kondakta aliona tukio zima. Alicheka mpaka akateleza kitini, na mume wake, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anatishia kuondoka, alikuwa anampepea kwa kofia huku machozi yanamtoka. Mlinzi alijiegemeza mlangoni akishika mbavu. Na binti yangu akacheka. Jamani, binti yangu alicheka! Alilaza kichwa mezani, mabega yanaruka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kabla ya ule moshi.

Katikati ya kicheko hicho nilikiona kidonge. Kilikuwa kimedondokea shali ya mtoto, cheupe juu ya bluu. Mtoto aliyaachia meno yakaanguka sakafuni, akainama, akakiokota. Vidole vikajifunga. Ngumi ikaanza safari ya kwenda kinywani, kama kila kitu kinavyokwenda kwa mtoto wa miezi mitano.

Niliidaka ile ngumi ikiwa imegusa mdomo. Mikono yangu ilitetemeka vibaya mno, na mtoto alikuwa na nguvu za fundi bomba. Nikakifungua kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu kikajifunga tena. Alianza kulia. Nilivifungua vyote, nikakitoa, nikamkagua kiganja, mdomo, mikunjo ya shingo, nikakibana kidonge mkononi mwangu. Muda wote huo haukuzidi kuhesabu tano. Najua, kwa sababu nilijikuta nahesabu kwa sauti ya Sista.

Binti yangu alikuwa ameinua kichwa, anajifuta macho, bado anacheka kidogo.

"Nini hicho, mama? Kifungo?"

Nikamtazama. Alikwishaanza kupapasa vifungo vya blauzi yake kuona kipi kimekatika. Mtu anayelipwa kwa kuona uzi mmoja uliokatika ndani ya mita elfu, alikuwa ameniletea uongo mwenyewe, umekunjwa, umepigwa pasi, niuchukue tu. Alitaka kiwe kifungo. Kwa vile alivyokuwa amecheka, nami nilitaka kiwe kifungo. Nikisema ndiyo, Ijumaa iko pale, Jumamosi iko pale, mtoto ni wangu kuanzia Jumatatu.

Na kabati la jikoni liko pale, na kopo la unga wa meno, na ngumi hii ndogo inayobeba kila kitu mdomoni.

"Si kifungo," nikasema. "Ni dawa yangu. Nilikuwa nimeificha mdomoni. Ninazo nyingine."

Kusema jambo kama hilo mara moja ni kazi. Mimi sikuwa na meno, maneno yalitoka upepo mtupu, ikabidi niyaseme mara ya pili, polepole, huku namtazama usoni.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimchukua mtoto, akamfunika shali, akaokota meno yangu sakafuni na kuyaweka mezani taratibu. Mlangoni akageuka, nikadhani atasema kitu, lakini alikuwa anaangalia tu kama hajasahau chupa ya maziwa.

Nilimpelekea Sista Sauti kopo mwenyewe. Nililifungua na kummwagia vidonge mezani, vyote, vimepakaa unga wa meno. Niliona anahesabu moyoni. Nilikuwa tayari kwa matusi. Sista aliketi chini.

"Na sauti ya pili ilivyokuwa safi," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Miaka ishirini nasikiliza watu, Mama Keki. Miaka ishirini! Ulikuwa unaviweka wapi?"

Nikayatoa meno, nikamwonyesha uvungu. Aliyashika, akayapeleka kwenye mwanga, akayageuza huku na huku, na mwisho, kwa unyonge, kama fundi anayekubali kazi ya fundi mwenzake, akasema, "Lo." Kisha akaniuliza kwa nini, na mimi nikamweleza habari ya kabati la jikoni, yote, nikilia makamasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kitambaa na kunigombeza kwa jambo moja tu, kwamba hofu kama hiyo ni ugonjwa, na ugonjwa unaletwa mezani kwake, haufichwi kwenye kopo.

Ijumaa daktari alisema bado. Wiki nne nyingine. Jumapili mama mkwe wa binti yangu alikuja na begi tupu akaondoka nalo limejaa nguo za mtoto. Binti yangu alinipigia simu kunijulisha tu kwamba wamefika salama. Nilijifunika shuka siku mbili. Nililia kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya binti yangu anayerudi kutoka kazini kwenye nyumba isiyo na kelele, na nisifiche, nililia pia kwa ajili ya lile kopo.

Siku ya tatu Profesa alikuja kuketi ukingoni mwa kitanda changu. Akafungua mfuko wa miwani yake, akatoa vidonge viwili.

"Vile ulivyonipa. Sikuvila," akasema. "Nilikuwa navihifadhi kwa ajili ya utafiti."

"Utafiti gani, Profesa?"

"Utafiti umefungwa," akasema, akavipeleka kwa Sista, mgongo umenyooka, kama anapeleka mitihani iliyosahihishwa.

Sheria mpya ikawekwa kwa ajili yangu peke yangu. Saa nne kasorobo meno yangu yanaingia kwenye glasi ya maji juu ya meza ya Sista, na hayatoki mpaka chai iishe. Nikawa nameza dawa kibogoyo na kuimba kibogoyo. "Laaa" yangu ilitoka na mluzi ndani yake. Madaktari waliacha kusimama koridoni. Sauti ya pili akajitolea kuichukua Kondakta, na hapo kwaya ikafa kifo cha kweli, lakini Sista alisema afadhali kwaya mbovu ya watu waliomeza.

Ajabu ya dawa ni kwamba ukiimeza inafanya kazi. Wiki ya pili daktari alinipa kikombe cha chai kilichojaa mpaka ukingoni na kuniambia nizunguke nacho wodi nzima. Nilizunguka. Wenzangu walikaa vitandani wakinitazama kimya kama wanaangalia penalti, na nilipokiweka mezani bila kumwaga tone, Kondakta alipiga mbinja ya "twende dereva." Wiki ya tatu mpishi wa hospitali aliniruhusu jikoni kwake, mlango wazi, yeye pembeni. Nikaoka keki ya matunda yaliyolowekwa kwenye chai ya rangi na maganda ya chungwa. Ilikuwa kavu kidogo. Safari hii nilikuwa na haki ya kujitetea.

Simu ya binti yangu ilikuja kila Jumatano, fupi. Moja ilikuwa ya kunieleza kwamba mkwe wangu, mume wake, amemwaga chupa zote, amelisugua lile kabati la jikoni kwangu, na sasa linawekwa nepi. "Za kumwekea nani?" nikauliza kabla sijajizuia. Akasema amechoka, tutaongea.

Jumamosi ya wiki ya nne nilikuwa na karatasi ya daktari mfukoni na begi langu miguuni. Walinikuta chumba cha wageni, kwenye dirisha lile lile linaloelekea ukuta. Binti yangu alikuwa amekonda. Mtoto alikuwa ameongezeka tena. Alikuwa amefuatwa huko kwa bibi yake wa pili juzi tu, na alinitazama kwa jicho la pembe, kama mtu unayemkumbuka lakini hukumbuki ulimwona wapi. Akafungua mdomo kupiga miayo, nikaona chini meno mawili, madogo, mapya kabisa.

"Eh! Mwenzangu ushapata," nikamwambia.

Kabla sijanyoosha mikono niliyatoa yangu. Hakuna aliyeniambia. Niliomba glasi kwa mlinzi, nikayatumbukiza, nikaiweka katikati ya meza mahali pa kuonekana. Halafu nikaiweka mikono juu ya meza, viganja chini, nikaiacha hapo itazamwe.

Binti yangu aliitazama muda mrefu. Sikuisogeza. Alizunguka meza akanipakatisha mtoto, akamrekebisha kola, akarudi nyuma hatua moja. Nilingoja aketi. Hakuketi.

"Mama, nimesahau mkoba wangu getini," akasema. "Mshike, nakuja sasa hivi."

Mkoba ulikuwa begani kwake. Uzi wake mwekundu wa pembeni ulikuwa unaning'inia, nikauona vizuri. Alitoka, akavuta mlango nyuma yake, nikasikia viatu vyake vinakwenda, vinakwenda, mpaka mwisho wa korido, na havikusimama.

Tukabaki wawili. Mtoto alinipitia nywele, hereni, pua. Kisha vidole vinne vikaingia kinywani mwangu na kuanza kupekua, huku na huku, juu kwenye fizi, nyuma kabisa, kwa makini sana.

"Tafuta, mjukuu wangu," nikamwambia. "Tafuta kote. Humo hamna kitu."